Pafyumu ya chungwa iliyonigeuka ukweni Isansa

Wakuu, habari za leo. Naandika nikiwa bado nimekereka, ila nitajitahidi nisimuonee mtu. Sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi seremala hapa Mlowo. Kutwa niko na mbao, kwa hiyo nanuka mbao. Nakiri.

Mchumba wangu amelelewa na shangazi yake kule Isansa. Bila huyo shangazi kukubali hakuna posa. Sasa alishamwambia kwenye simu: "Huyo fundi wako akija tena aje ameoga. Siku ile alinuka maranda mpaka chai ikanuka."

Ni kweli siku ile nilitokea kazini. Hapo hakukosea.

Basi nilipokwenda Tunduma kufuata bawaba, nikapita kwa dada mmoja anayeuza pafyumu karibu na mpaka. Akapuliza kwenye kikaratasi. Wakuu, chungwa tupu, kama mtu analimenya mbele ya pua yako.

Kwenye boksi kuna picha ya chungwa, chini imeandikwa "Citrus Woody". Kwa Kiingereza changu cha darasa la saba nikajua citrus ndio hilo chungwa. Woody nikadhani ni jina la mwenye kiwanda.

Nikachukua.

Jumapili nikaoga mara mbili, nikapuliza shingoni na mikononi. Hata dereva wa boda alinisifia.

Tukafika na mchumba, tukasalimia, tukasubiri chakula. Nikajinusa kwa siri. Chungwa halipo. Kuna mbao.

Nikasema labda ni mawazo yangu, maana huwa najishuku sana.

Shangazi akaja na sahani, akasimama hapo hapo.

"Fundi, leo Jumapili umeranda nini?"

"Nimeoga, shangazi. Mara mbili."

"Kwa maji ya mbao?"

Watu wakacheka. Mchumba wangu hakucheka. Shangazi akasema mambo ya posa yasubiri, mtu anayemdanganya kuhusu kuoga atamdanganya na mengine.

Kesho yake nikarudi Tunduma, nikamwambia yule dada mbele ya wateja kwamba anauza feki.

"Mukwai, tulia," akasema, akiniita bwana kwa Kibemba. "Woody maana yake mbao. Inaanza chungwa, ikikaa kwenye ngozi chungwa linaruka, inabaki mbao. Wenzako wanaitafutia hiyo mbao."

Yaani nimenunua harufu ninayoipata bure kila siku.

Nikamuomba radhi mbele ya wateja wale wale, maana hakunidanganya. Ila na yeye angeniuliza kazi yangu jamani.

Ikabidi nirudi Isansa na chupa. Nikamuomba shangazi mkono, nikapuliza.

"Chungwa," akasema.

Nikamwambia tusubiri. Akachambua maharage ungo mzima, ndipo akanusa mkono. Akanusa tena.

"Kumbe ulioga," akasema. "Haya, mtume mshenga na barua."

Chupa kabaki nayo. Anasema inamfaa kanisani.

Nilichojifunza: usinunue kwa kunusa kikaratasi. Pulizia kwenye ngozi, zunguka sokoni, halafu nusa tena. Na neno usilolijua, uliza, usijifanye unajua kama mimi.

Wazoefu, shusheni comment: kuna pafyumu inayoanza chungwa na kuishia chungwa? Posa ni Jumamosi, na safari hii atakayenuka mbao ni shangazi. Nina hakika watanisingizia mimi.