Siku Tuliyoshinda Sita Bila

Sauti ninayoikumbuka vizuri ni ya kelele kukatika. Mavuvuzela yote ya uwanjani yalinyamaza kwa mpigo mmoja, kama redio iliyochomolewa ukutani. Sisi tunakaa ugenini, mtaa wa Bertrams, jirani kabisa na uwanja, wala hatuhitaji televisheni kujua matokeo. Timu ya hapa ikifunga, vioo vya dirisha vinatetemeka. Ikifungwa, unamsikia mpaka mbwa wa mtaa wa pili akijikuna.

Mchana huo waliokuja kucheza ni timu ya kwetu, Lubumbashi. Papa aliomba ruhusa kazini, yeye ni mlinzi kule Randburg, akaenda uwanjani na jezi aliyoshonewa na Mama, jina la mji wetu kubwa mgongoni. Juu yake akavaa koti.

Kimya cha kwanza, nilicheza jikoni na mwiko mkononi. Mimi naota haraka: nilishaona kombe limepanda ndege, na mimi nimekaa dirishani. Cha pili, Mama akapiga kigelegele, akajiziba mdomo. Cha tatu kilikuja hata maji ya ugali hayajachemka. Cha nne, Mama akasimamisha cherehani.

"Inatosha sasa," aliwaambia wachezaji, kama vile wanamsikia. "Wanangu, inatosha. Rudisheni mpira nyuma."

Cha tano. Jirani yetu, mama mmoja Mrundi, akagonga ukuta.

"Mama! Watu wenu hawana huruma? Wanataka tufukuzwe sisi wageni sote?"

"Kwani mimi ndiye kocha?"

"Basi ombeni mfungwe hata moja!"

Kweli tukapiga magoti, tukamwomba Mungu timu yetu ifungwe. Akatupa cha sita.

Mechi ilipoisha mtaa ukajaa watu. Mama akafunga mlango kwa komeo, akavuta pazia. Nje walikuwa wanapiga mateke mapipa ya taka. Simu ya Papa haikupatikana. Mama akajaribu tena, tena.

Mimi niliwaza neno moja tu. Hapa, watu wakiwakasirikia wageni, wanakushika na kukuonyesha kiwiko: hiki kinaitwaje kwa Kizulu? Ukishindwa, wamekujua. Ni indololwane. Mimi nililijua tangu shule. Papa nimemfundisha mara ngapi, ulimi wake unakwama katikati, naye anacheka tu. Nilikaa sakafuni chini ya dirisha, nikalitamka polepole, kipande kwa kipande, kana kwamba litatembea limfikie.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama mlango ulipogongwa. Ni yeye, mzima, koti limefungwa mpaka kidevuni. Mama alimpiga ngumi ya kifua, kisha akamletea chai.

"Vijana wanne walinisimamisha pale kwenye roboti, nangoja taa iwe kijani," alisema Papa. "Mmoja akaniambia, 'Madala, mzee wangu, mbona wewe peke yako huna huzuni?' Akanionyesha kiwiko. Nikaanza, indo... indolo... ikakwama. Nikasema, idolo!"

"Papa! Hilo ni goti!"

"Ndivyo walivyosema! Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Akasema, 'Eish, hata kipa wetu leo hakujua goti wala kiwiko. Mwacheni mzee apite.'"

Mama alicheka hadi akajifuta macho kwa kitenge. Nami nilicheka, lakini nilikuwa natazama kikombe cha Papa. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kisahani, naye hakuona.

Asubuhi Mama aliifua ile jezi, akaianika kwenye kamba ya uani, mgongo ukitazama barabara, kisha akampelekea mteja gauni lake. Nilingoja mpaka alipokata kona. Nikatoka peke yangu, nikatoa vibanio, nikaigeuza. Jina likatazama ukuta.