Cirhuza na Kifaransa Chake cha Tribinali

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilivaa abacost, koti ya wakati ule isiyo na tai, ya kuazima kwa shemeji. Ilinibana makwapa mpaka nilipata shida kuinua mukono wakati wa kula kiapo. Ilikuwa Walungu, miaka ya kwanza ya Zaïre, wakati hatukusema tena "Monsieur". Wote tulikuwa "Citoyen", yaani mwananchi. Nilikuwa interprète, yaani mutafsiri wa tribinali. Mutu akisema Mashi ao Kiswahili, ninamupa juji Kifaransa. Juji akijibu, ninamurudishia mutu luga yake. Prezida wa tribinali, muzee mukali sana, aliniita pembeni: "Citoyen, mutu akitukana, nawe utukane. Akilia, usilie." Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Vijana wa leo munafikiri kutafsiri ni kujua luga mbili tu. Bure kabisa! Walungu nilitafsiri mashamba, ng'ombe, mipaka ya migomba, watu wanagombana tangu asubuhi na kila mumoja anataka nimubebee hasira yake vilevile ilivyo. Unarudi nyumbani kichwa kinauma, bibi anakuuliza jambo, unamujibu mara mbili kwa luga mbili. Mwanamuke wangu alikuwa ananicheka.

Kisha wakanihamisha Bukavu. Huko nilikuta kesi za garde, yaani haki ya kukaa na mutoto na kumulea. Baba wengi walikuja na kifua mbele: desturi yetu inasema mutoto ni wa baba, basi imekwisha. Juji naye aliuliza mambo mengine: nani anamupikia, nani anamupeleka masomo, akigonjwa nani analala naye. Baba wengine walirudilia tu: desturi, desturi. Na wengine, nasema wazi, hawakumutaka mutoto. Walitaka kumuumiza mwanamuke tu. Hao niliwatafsiri na moyo baridi.

Cirhuza hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa dereva wa camion, lori kubwa, anapandisha na kushusha mizigo ya Uvira. Mwanamuke wake alimuacha wakati binti yao Nabintu alikuwa anajifunza kutembea. Cirhuza alibakia naye. Akiwa Bukavu, anamusuka nywele yeye mwenyewe, vibaya, watu wanamucheka. Akiwa safarini, Nabintu anakaa Walungu kwa koko yake, mama wa Cirhuza. Sasa mwanamuke ameolewa na muchuuzi anayehamia Kinshasa, na anataka kwenda na mutoto. Ninyi munajua Kinshasa iko wapi. Toka Bukavu hakuna camion inayofika kule. Cirhuza akipoteza garde, amemupoteza binti yake.

Prezida wetu wa Bukavu alikuwa mutu wa Bas-Zaïre, kule magaribi karibu na bahari. Kiswahili hakujua ata kidogo. Karibu naye walikaa wazee wawili wa desturi, wanaoitwa assesseurs, na wazee hao walikuwa tayari upande wa baba. Kesi ilikuwa inaenda muzuri. Nilisimama mahali pangu nianze kutafsiri, Cirhuza akainua mukono.

"Citoyen Président, je parle français."

Aïe! Eti anasema Kifaransa! Wenzake walikuwa wamemudanganya ku bar kwamba mutu wa Kiswahili haheshimiwi mbele ya juji. Na sheria iko wazi: mwenye kujua luga ya tribinali hana haja ya mutafsiri. Nikakaa.

Prezida akamuuliza mutoto anabakia wapi baba akisafiri. Cirhuza akajinyoosha, akajibu kwa sauti: "Je l'abandonne chez ma mère."

Prezida akainua macho. "Vous l'abandonnez?"

"Oui, Citoyen Président. Chaque fois, je l'abandonne là-bas."

Alifikiri wanamurudilisha neno kwa sababu amesema vizuri, naye akaongeza "kila mara"! Mu Kiswahili chetu, ninamuacha mutoto kwa mama, ninaenda, ninarudi. Kuacha ni kuacha. Lakini Kifaransa kinapasua neno hilo vipande: laisser ni kumuacha mahali na kurudi kumuchukua; abandonner ni kumutupa. Avoka, wakili wa mwanamuke, aliruka kama ameungua: "C'est un aveu!" Aveu ni neno ambalo mutu analisema mwenyewe mbele ya juji na linamufunga; hakuna tena haja ya mushuhuda. Greffier, karani wa tribinali, alikuwa ameisha kuandika.

Nikasimama. Prezida akaniangalia, akaniuliza kwa Kifaransa chake: "Citoyen interprète, nani amekuita?"

"Citoyen Prezida, mu Kiswahili chetu..."

"Huyu mutu anasema Kifaransa ao hasemi?"

"Anasema, lakini..."

"Basi, kaa chini."

Inje, ku ngazi, Cirhuza alinishika mukono. "Papa, nimesema mubaya wapi? Wazee wameacha kuniangalia." Nikamuelezea. Alikaa pale pale ku ngazi, na suruali yake safi. "Sasa Wafaransa wanasemaka namna gani?" Nikamuambia: laisser. Akarudilia polepole, laisser, laisser, machozi yanamutoka. Nilikuwa na hasira mpaka leo sijui niwakasirikie nani.

Hukumu ilimupa mama mutoto mara moja, ata kama baba anaenda ku appel, yaani kukata rufaa. Huissier, yule anayetekeleza hukumu, alipoenda Walungu walinituma naye, juu koko hakujua Kifaransa. Tulimukuta anamenya viazi. Huissier akasoma: mutoto ambaye baba yake alimutupa. Nikasema hivyo hivyo kwa Mashi, jinsi ilivyoandikwa.

Koko akaacha kisu. "Mwana wangu, nani ametupwa? Huyu?" Akamuvuta Nabintu karibu. "Amekula sasa hivi. Sufuria iko bado ya moto."

"Anasema nini?" huissier akauliza. Nikamutafsiria. "Hiyo siyo kazi yetu," akasema.

Nabintu naye alikuwa amesikia Mashi yangu. Akaniuliza mimi, siyo huissier: "Papa alinitupa siku gani?" Nikamuambia hakukutupa, mutoto wangu, hakukutupa. Lakini huissier alikuwa ameisha kumushika mukono, na mutoto alilia mpaka ku barabara.

Sasa niko mu pension. Vijana wanaosoma sheria wananitembelea, wananiuliza juu ya kazi ya zamani, ninawapa chai na ninawaelezea ng'ombe za Walungu, wanacheka. Kesi hii siwaelezeake sana. Cirhuza alifika Kinshasa mara moja, akarudi bila kumuona binti yake, na alikufa bado dereva. Nabintu, kama yuko hai, ni mwanamuke mukubwa. Pengine anaamini kwamba baba yake alimutupa. Aliyemuambia hivyo mu luga yake, ili asikie vizuri, ni mimi.