Ng'ombe Waliogeuka Televisheni

Nilipofika Nyamongo, kwenye machimbo ya dhahabu, nilikuwa nimeshachoka kubeba mizigo ya watu pale Sirari. Watu walikuwa wananiambia kwamba dhahabu haijali nani kasoma, na mimi niliyeacha shule darasa la tano niliona hiyo ni habari njema. Hawakuniambia kwamba dhahabu inajali nani ana mapafu. Niliingia shimoni siku moja, nikatoka, nikaenda kwenye mgahawa wa kwanza niliouona nikaomba chai.

Mwenye mgahawa alikuwa mama wa makamo, mjane, mrefu, mwenye kanga mbili mbili kiunoni. Nilimwamkia shikamoo. Alinitazama nilivyojaa vumbi jeupe la mawe.

"Wewe si wa shimo," alisema. "Kunywa chai, halafu upasue zile kuni."

Nilipasua. Nikabaki kwake, mimi ambaye sijawahi kubaki mahali.

Mgahawa wenyewe ulikuwa vyumba viwili vya udongo na mabati: jiko nyuma, meza mbele, na benchi moja refu nje. Wachimbaji walikuja asubuhi kwa chai ya maziwa na maandazi, mchana kwa ugali wa mtama na nyama. Lakini nilichokipenda kuliko vyote ni lile benchi la nje, kwa sababu ya mkwe wake.

Mkwe huyo alikuwa amemuoa binti yake wa kwanza, na alikuwa msimamizi wa shimo, ana kundi kubwa la vijana wanaomfuata. Kwa desturi ya Wakurya, mtu na mama mkwe wake wana soni kati yao. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai wakitazamana. Kwa hiyo yule bwana, mwenye sauti ya kutisha shimoni, hakuwahi kuvuka kizingiti cha mgahawa. Alikaa nje, ameupa mlango mgongo, na vijana wake wote wakakaa nje naye. Mimi ndiye niliyepeleka chai. Mimi pia ndiye niliyepeleka maneno, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie mama chai ya leo ina moshi."

"Mwambie kuni ni mbichi, na aliyezipasua ni mvivu."

"Mwambie nimemuona huyo mvivu. Ananicheka."

Basi, mambo yalikwenda hivyo hadi jamaa mmoja kutoka Musoma alipofungua banda la video ng'ambo ya njia. Alikuwa na jenereta, televisheni na mikanda ya watu wanaopigana kwa mateke. Aliuza na chai pia, chai mbaya, lakini nani anaonja chai wakati mtu anaruka juu ya paa? Mwezi haukuisha, meza zetu zikabaki na nzi. Hata vijana wa mkwe walianza kutoroka mmoja mmoja.

Mama hakulalamika. Siku moja aliniambia tu kwamba amepata mnunuzi wa ng'ombe.

Nilishtuka, kwa sababu hao ng'ombe nilikuwa nawajua kwa habari. Walikuwa kijijini Itiryo, kwa mwanawe wa kiume. Ni mahari ya yule binti aliyeolewa, na kwa desturi mahari ya dada ndiyo inayomwolea kaka mke. Kijana alikuwa ameshapata mchumba, wazee walikuwa wameshazungumza, kilichobaki ni kuwaswaga ng'ombe hadi kwa wakwe.

"Mwanao amekubali?" niliuliza.

"Amekubali kwa mdomo. Macho yake sikuyatazama." Akafunga kanga upya. "Mgahawa ukifa, nitamlisha nini huyo mke akija? Mashine ya video itawarudisha wateja. Isipowarudisha, nimemuuza mkamwana wangu kabla sijamuona."

Tulikwenda wote Sirari, tukavuka mpaka hadi Isebania, upande wa Kenya, ambako aliuliza maduka yote kabla ya kununua. Alinunua jenereta, deki na televisheni; televisheni niliibeba mimi begani. Kwenye mikanda, muuzaji Mkenya alitandaza maganda yake mezani.

"Mama, chukua hii ya vita. Hii itakuuzia chai mpaka uchoke."

"Sitaki damu. Mimi ni mtu wa kanisa."

Aliyapitia maganda polepole kama anayechagua kitenge, akatoa moja lenye bibi harusi mwenye shela, kanisa nyuma yake. "Hii," alisema. "Harusi haina ubaya."

Muuzaji alifungua mdomo, akaufunga. Biashara ni biashara.

Tulionyesha mara ya kwanza Jumapili alasiri, watu walipotoka ibadani. Tuliziba madirisha kwa magunia. Nilikuwa sijawahi kuona chumba kile kimejaa hivyo: wazee mbele kwenye viti, kina mama na wake za watoto wao nyuma, vijana wamesimama ukutani. Mkwe peke yake alibaki kwenye benchi lake nje, akisikiliza.

Harusi ilikwisha mapema sana. Baada ya hapo bwana na bibi walifunga mlango wa chumba chao, na kamera, badala ya kubaki nje kama mtu mwenye adabu, ikaingia nao.

Watu wengine wangecheka au kufumba macho. Lakini mle ndani mzee alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwa mke wa mwanawe, na baba na mwana walikuwa gizani pamoja wakitazama kitu kimoja. Hakuna aliyepiga kelele. Viti vilianguka, watu wakajifunika vichwa kwa kanga na makoti, wakaukimbilia mlango mmoja, na hata pale mlangoni walikuwa wanakwepana wasigusane, jambo lililofanya msongamano uwe mbaya zaidi. Mzee mmoja alipita dirishani na gunia lake.

"Mama!" alisema akiwa nje, analivua gunia shingoni. "Ulitaka tuvuane nguo wote kwa pamoja?"

Jamaa wa Musoma alikuwa amesimama ng'ambo, anashika mbavu. "Mama, ng'ombe wako wanakimbia!"

Kwa wiki nzima hakuja mtu. Mama alikaa jikoni. Jenereta tuliifunika turubai. Nilidhani mkwe atakasirika, maana wale ng'ombe aliwatoa yeye mwenyewe, lakini alikuja asubuhi kama kawaida, akakaa, akaupa mlango mgongo.

"Mwambie mama," alisema kwa sauti ya kufika jikoni, "kwamba kosa si la mashine."

"Mwambie najua. Ni langu."

"Mwambie si lake pia. Kosa ni la kutuweka chungu kimoja. Hata nyumbani hatukai hivyo. Kwa nini tukae hivyo kwa sababu ya umeme?"

Halafu mama alikuja hadi nyuma ya mlango, asikoonekana. "Muulize, kama angekuwa na mahali pa kukaa, angeingia?"

"Mwambie ningeingia hata leo. Mgongo unaniuma kwa jua."

Siku zilizofuata mama alinituma kazi ambayo nilikuwa nimezaliwa kwa ajili yake: kuuliza watu. Nani anaweza kukaa na nani? Kitu gani baba na mwana wanaweza kutazama pamoja? Niliuliza wachimbaji, wauza nyanya, wazee kwenye pombe. Walinicheka, lakini walijibu, na majibu yalifanana: wazee na wana wao, wakwe na wakwe, hukutana kwenye ngoma. Pale kila rika lina mahali pake, na hakuna anayeona aibu.

Mama alisikiliza, akatoboa ukuta. Kati ya jiko na chumba tuliweka kidirisha cha kupitishia chai, ili yeye asitokee mbele. Ubavuni mwa chumba tukafungua mlango wa pili. Mikanda ya mateke ikawa ya vijana siku za kazi, na ya mapenzi akaacha kuileta kabisa. Kisha akamkodi mpiga picha wa harusi kutoka Sirari, mwenye kamera ya kuweka begani, akaenda naye Itiryo kwenye sherehe ya jirani wa mwanawe, ambako hata wazee wa Nyamongo walikuwa wamealikwa. Wakarudi na mkanda wa ngoma yenyewe: mpiga zeze, wanaume wenye viatu vizito vya mbao, vumbi, vigelegele.

Jumapili iliyofuata wachache walikuja kwa woga, karibu na milango. Ile ngoma ilipoanza, yule mzee wa gunia alijiona anaruka.

"Huyo ni mimi!"

"Ni wewe, baba," alisema mwanawe kutoka upande wa pili wa chumba.

"Sikujua naruka juu namna hiyo. Rudisha! Rudisha hapo!"

Nilirudisha hadi nikaogopa mkanda utakatika. Habari zilienda shimoni kabla ya jua kuzama. Watu walianza kutoka vijiji vya mbali kuja kujitazama, na wenyewe wakaomba kamera iende kwenye sherehe zao. Mkwe aliingia kwa mlango wa pili, akakaa karibu kabisa na kidirisha, ubavu ukutani. Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta huo, na nilimuona ameacha kuosha vikombe.

"Anacheka hivyo huyu?" aliniuliza kwa kunong'ona. "Miaka yote sijawahi kumsikia."

Ng'ombe hawakurudi kwa haraka. Walirudi mmoja mmoja, kwa hela za chai na picha, wa kwanza ndama jike mwenye doa, na wa mwisho aliongezwa na mkwe bila maneno; alikutwa tu amefungwa nyuma ya jiko asubuhi. Mama alimtazama, akaniambia nimpelekee yule bwana chai ya tangawizi na nisimwambie kitu.

Siku ya kuwapeleka aliufunga mgahawa. Alivaa gauni la kanisani na viatu vya mvua, akashika fimbo, akawafuata ng'ombe kwa miguu pamoja na mwanawe. Wachimbaji walikuja wakaukuta mlango na kufuli.

"Leo hakuna picha?" waliuliza.

"Hakuna. Mama ameenda kumleta mkamwana wake."

Walitazamana, wakakaa kwenye benchi kumngoja.