Honi ya Tatu Bandarini Karungu

Miaka ile ya thelathini nilikuwa nyapara wa wachumaji katika shamba moja la chai nje ya Kericho, na kazi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa kupuliza pembe. Pembe ya kwanza, watu waache kuchuma. Ya pili, wajipange. Ya tatu, ndipo waondoke na vikapu kwenda kwenye mizani. Aliyenyanyua mguu kabla ya ile ya tatu nilimrudisha mwisho wa safu, hata kama mvua ya mawe ilikuwa inatutwanga.

Baada ya miaka minne nikapewa likizo ya wiki mbili. Mama alikuwa ametuma habari kutoka kwetu Karungu, kando ya ziwa: macho yamekwisha, miguu inakwisha, na kabla havijaisha vingine anataka kunishika mimi na mjukuu wake ambaye hajawahi kumpakata. Basi mimi, mke wangu na mtoto tukaenda stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, tukapanda treni hadi Kisumu, na hapo tukaingia melini.

Meli ile iligusa kila bandari: Kendu, Homa Bay, Karungu, halafu ng'ambo ya mpaka Musoma, Mwanza, hadi Bukoba, kisha ikarudi njia ile ile. Kila mahali wengine walishuka na kuku wao, wengine wakapanda na mbuzi wao. Juu, chini ya turubai, walikaa Wazungu waliolipa kwa hiari yao kwenda mpaka mwisho na kurudi, bila shughuli yoyote popote. Niliwaona wajinga.

Kendu nikaona fujo. Honi ya kwanza tu, watu wakaanza kusukumana kwenye ngazi. Nikamwambia mke wangu, "Angalia watu hawana nyapara." Homa Bay mambo yakawa yale yale. Sikujiuliza mbona honi ya tatu ilipolia hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akishuka.

Tulipofika Karungu, mke wangu akamfunga mtoto mgongoni.

"Baba ya mtoto, watu wote wanashuka."

"Kaa. Honi imelia mara mbili peke yake."

"Lakini hapa ni kwetu. Si ndugu yako yule pale chini?"

"Hata kama. Kila kitu iko na utaratibu yake."

Akanitazama jinsi anavyotazama sufuria iliyotoboka, akachukua mzigo wake, akashuka. Nilimwonea huruma. Honi ya tatu ilipolia nikasimama, nikanyoosha koti, nikabeba sanduku, nikaelekea kwenye ngazi kwa mwendo wa mtu anayejua kazi yake. Ngazi haikuwepo. Kulikuwa na maji, na ng'ambo ya maji mke wangu, wala hapungi mkono.

Musoma, karani wa bandari alinikatalia kushuka: kipande changu, kile cheti cha kazi, kilikuwa cha Kenya, na tiketi yangu ilikuwa imeishia Karungu. Msimamizi wa mabaharia akanipa ndoo na brashi nisugue sitaha ya juu. Nikasugua chini ya viti vya wale wajinga wangu. Walikuwa wakinywa chai, labda ya shamba letu, sijui. Ladha yake sikuijua. Kila bandari ilipoonekana waliinuka kwa furaha wakaandika jina lake katika vijitabu vyao.

Mwanza meli ilipakiwa pamba kwa siku tatu. Bukoba, ngozi na kahawa. Bukoba nililia, nasema bila haya, nimepiga magoti na brashi mkononi, kwa sababu nilikuwa nimehesabu siku zangu. Meli itakayonifikisha Karungu ndiyo hiyo hiyo ambayo ilinibidi niendelee nayo siku ile ile hadi Kisumu. Nisipokuwa shambani siku ya kazi ningeandikwa mtoro, na mtoro alifungwa.

Tuliporudi Karungu nilikuwa wa kwanza kwenye ngazi. Mke wangu alikuwa ameulizia siku ya meli kurudi, na ndugu zangu wakambeba mama kutoka nyumbani. Nilimkuta gatini, wamemkalisha juu ya gunia la pamba, mtoto wangu mapajani mwake. Pembeni wapagazi walikuwa wanapakia mengine. Mama akanishika uso, masikio, mabega.

"Umekonda," akasema. "Umekuja kwa siku ngapi, mwanangu?"

Mke wangu akanitazama, kisha akageuzia uso ziwani.

"Kumi, mama."

Akacheka kwa furaha, akaanza kunipangia. Kesho atachinjwa jogoo mwekundu. Keshokutwa twende kwenye kaburi la baba. Siku ya tatu shangazi zangu wote waje wamwone mtoto. Nilikubali kila siku, moja baada ya nyingine, nimeishika mikono yake yote miwili. Alikuwa amefika siku ya saba wapagazi walipokuja kuomba gunia alilokalia.