Tasi wa Mwanakhamisi

Mwanakhamisi wa Kilwa aliishi Iringa miaka ishirini na hakuacha kulalamikia baridi. Mwaka 1957 mumewe Makame, dereva wa lori, alimletea kutoka Dar es Salaam samaki mmoja, tasi mdogo, hai ndani ya debe la maji ya bahari. Walimtengenezea sanduku la kioo. Mwanakhamisi aliliweka dirishani penye jua, maana samaki naye alikuwa mgeni wa baridi. Asubuhi na jioni alichota maji yake kwa kopo na kuyamimina tena kutoka juu, yapate hewa.

Kufika Agosti kioo kilikuwa kimeota mwani na maji yamegeuka kijani. Tasi alijibanza pembeni, amekunja mapezi.

"Mke wa Makame!" Nizar mwenye duka alichungulia dirishani. "Mafuta ya kukaangia ninayo."

"Kakaange ulimi wako, Nizar."

Alijibu hivyo, lakini macho yalikuwa yamemjaa machozi. Aliliondoa sanduku juani, maji yakaanza kung'aa. Tasi hakupata nafuu. Upepo mkavu ulipunguza maji kila siku, naye alijazia yale ya bahari ambayo Makame alileta kila safari. Maji yasiyo na chumvi hakuthubutu kuyatia. Kwao Kilwa hata mtoto anajua yatamuua samaki wa bahari.

Mimi niliishi nyumba ya pili. Aliniita.

"Mwalimu, onja."

Nilichovya kidole. "Ya chumvi."

"Sasa ya debe."

Ya debe yalikuwa kama machozi. Ya sandukuni yaliuma ulimi.

"Maji yanaondoka," alisema polepole, "chumvi haiondoki. Na mimi kila siku naiongeza!"

Nimewachemshia wanafunzi birika la maji ya chumvi mara ngapi, wakaona chumvi inavyobaki chini, na hili sikuliona. Nilisimama pale, maili mia tatu kutoka pwani, nikiiogopa bahari iliyokuwa kwenye ncha ya kidole changu.

Alikuwa na mtungi wa maji ya mvua ya Aprili. Alitia kikombe kimoja, akangoja. Jioni kingine. Siku nne, akionja kila mara.

Ijumaa asubuhi tasi alifungua mapezi, akapanda kwenye kioo na kuanza kula ule mwani. Ulipopita mdomo wake, palibaki njia nyembamba, safi.

Mwanakhamisi alikaa sakafuni kumtazama hadi adhuhuri. Baridi hakuitaja.