Ua la Mama Mkwe

Jamani, nacheka sasa hivi, lakini siku ile msituni ningepata shimo ningejifukia mwenyewe na udongo nikavuta.

Ilikuwa matembezi ya akina mama wa usharika, miteremko ya Mlima Meru, na mimi nilialikwa kwa sababu moja tu: mama yake Upendo, mchumba wangu, alitaka kunitazama kabla hajakubali wazee wangu waende kwao kuposa. Upendo alinionya mapema kabisa, "Mama hapendi mwanaume mjuaji. Ukiwa hujui kitu, sema hujui." Nikaitikia vizuri tu, kama mtu mwenye akili.

Sasa mimi nafanya kazi shamba la maua Usa River (kufunga waridi kwenye maboksi, basi, wala sio kuyapanda), na Mama alishaambiwa, kwa hiyo tulipofika kwenye kijito, penye kivuli na majimaji, akaona ua dogo la pinki lenye kijimkia chembamba kimejikunja nyuma, akaniita.

"Wewe mtu wa maua, hili linaitwaje?"

Neno "sijui" lilikuwa hapa, mdomoni kabisa. Nikalimeza. "Okidi hiyo, Mama. Ni adimu sana, mtu anaweza kuzeeka hajaiona." Akina mama wote wakanizunguka na vitenge vyao vya sare, nami nikanogewa, nikasema huchanua mara moja tu halafu hufa, mpaka mmoja akauliza mbona ng'ambo ya kijito yamejaa hadi kwenye mawe. (Nikasema tuna bahati.)

Mama akaonyesha kitu cha kijani kilichovimba katikati. "Na hiki?"

"Hilo ni chipukizi la ua, litafunguka kesho. Inama uone, Mama." Akainama, miwani puani, nami nikakibana kidogo kwa vidole ili aone vizuri.

Pap! Kikapasuka, mbegu zikamrukia Mama usoni, akapiga yowe, akarudi nyuma hatua moja ambayo haikuwa na ardhi, akakaa kwenye tope na kitenge chake kipya. Upendo, aliyekuwa nyuma yetu, akafumba macho. Nilijua hapo mke nimeshamkosa.

Nikakumbuka kitu kimoja tu: sisi Wachaga ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na akishaletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Nikakimbia kichakani, nikachuma jani refu la kijani, nikapiga magoti palepale topeni, nikampa kwa mikono miwili.

Mama akaligeuza jani, akalinusa.

"Hili ni nini?"

"Isale, Mama. Nisamehe."

"Hii ni tangawizi pori! Mchaga gani wewe hujui isale?"

"Nimezaliwa mjini, Mama, Sokon One. Uani kwetu kuna tenki la maji na kuku."

Mama mmoja Mmeru alikuwa ameshikilia mti kwa kucheka. "Na hiyo okidi yake! Hili ni ndugu wa yale maua tunayopanda kwenye makopo nyumbani, tunda lake likiiva ukiligusa linapasuka. Tulilichezea utotoni sote!"

Mama hakucheka. Akaniangalia, mimi nimepiga magoti, yeye amekaa. "Haya, sema kweli. Hili ua unalijua?"

"Sijui, Mama."

"Na jani?"

"Sijui."

"Na kingine?"

"Mama, mimi nafunga maboksi tu."

Ndipo alipoangua kicheko mpaka miwani ikamdondokea mapajani, na wote tukacheka, na mimi nikicheka machozi yananitoka kwa furaha na aibu pamoja. Nikamwinua. Akasema, "Wazee wako waje. Lakini isale la kuniomba msamaha siku hiyo nitalichuma mwenyewe, nisije nikaletewa mchicha."

Wazee walikwenda, na Upendo ni mke wangu. Zile mbegu, kumbe nyingine ziliingia kwenye kilemba cha Mama, akazikung'uta kwenye ndoo kuukuu mlangoni pa jiko, zikaota. Wageni wakiuliza ni ua gani, anawaambia wamuulize mkwe wake, mtu wa maua. Mimi nasema sijui, kwa sauti, bila aibu. Halafu Mama ananiita kwa upole kabisa, "Baba, hebu inama uone," na kila mara, mjinga mimi, nainama.