Jibu Refu Kuliko Yote

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Sayansi katika shule moja ya msingi huko Ng'ambo, Tabora mjini, niliyaonea fahari sana maswali yangu ya kuchagua jibu. Asubuhi moja mwalimu wa Kiswahili, dada mcheshi kutoka Ziba, alichukua mezani kwangu mtihani wa darasa la sita akakaa nao dirishani na kalamu.

"Unafanya nini, Mwalimu?"

"Nafanya mtihani. Sayansi niliiacha zamani, lakini tuone."

Nilimsahihishia. Alikosa swali moja tu.

"Kumbe unaisoma kwa siri!"

"Sikuisoma Sayansi, nimekusoma wewe," akacheka. "Jibu sahihi kwako huwa refu kuliko mengine. Yaliyobaki ni mzaha. Eti nyuki hutengeneza asali ili wapate mshahara! Nani atachagua hilo?"

Ofisi nzima ya walimu iliangua kicheko. Niliona haya, halafu nikacheka nami, nikamuuliza nifanyeje.

"Waulize watoto bila kuwapa majibu ya kuchagua. Makosa watakupa wenyewe."

Kesho yake niliandika ubaoni: kwa nini nyuki huhifadhi asali? Watoto wa Tabora wameilamba asali tangu utotoni, nikadhani wote watapata. Wapi! Wengine waliandika ni chakula cha malkia peke yake. Wengine, ni ya kuwanasa sisimizi wanaovamia mzinga. Kundi zima liliapa kwamba asali ni kinyesi. Majibu hayo nikayaingiza kwenye mtihani mpya, pamoja na lililo sahihi, kwamba ni akiba ya chakula maua yakiadimika. Yote nikayapunguza yakalingana urefu.

Mwenzangu alipoujaribu, alikuna kichwa, akafuta, akarudia. Nilipomrudishia, aliinua karatasi juu.

"Nimefeli! Hongera, Mwalimu!"

Siku ya kusahihisha pamoja, darasa la sita liligeuka baraza. Binti mmoja wa dawati la mbele alisimama kumtetea malkia. Jirani yake akamuuliza, "Sasa hao wengine kiangazi wanakula nini?"

Binti akafikiri, kisha akaketi taratibu. "Basi wanakula wote," akasema.

Wale wa kinyesi wakadakia kwa kelele. Kengele ya mapumziko ililia, na hakuna aliyetoka.